Kibakuli cha Lwitiko

Katika hanga la ndege la Uporoto, juu kule ambako ukungu huingia ndani bila kubisha hodi, kila fundi wa nyaya alikuwa na kibakuli chake cha bati. Vilipangwa kwenye rafu ya mbao karibu na swichi kuu za ndege, kila kimoja na jina la mwenyewe limeandikwa kwa rangi ya kucha. Kabla fundi hajaingia tumboni mwa ndege alivua kila chuma alichokuwa nacho mwilini, pete, saa, hereni, hata kibanio cha nywele, akakiweka humo. Ndege zile zilitembea kwa umeme mtupu, volti mia nane, na umeme wa namna hiyo ukipata pete kidoleni haukupi nafasi ya kusema samahani. Akitoka, alichukua vyake akavaa.

Pete ya Subilaga ilikuwa haitoki mpaka kwa sabuni. Alikuwa na miaka hamsini na sita, ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia humo hangani, na kidole kilikuwa kimenenepa kuizunguka pete kama mti unavyomeza waya wa uzio. Kila asubuhi alisimama kwenye karo akisugua, na kila asubuhi Lwitiko Mwakatundu, mwenzake wa kazi kwa miaka kumi na mmoja, alipita na kumtania.

"Dada, hiyo siku moja tutaikata kwa msumeno."

"Kautengeneze kwanza huo moyo wako unaochechemea, ndipo uje kwenye pete yangu."

Ni kweli ulikuwa ukichechemea. Baada ya mapigo manane, la tisa lilichelewa kidogo, kama mtu anayeruka dimbwi. Subilaga alilijua hilo kuliko daktari, kwa sababu moyo wa Lwitiko alikuwa akitembea nao mfukoni mwa aproni.

Zamani, fundi alikata swichi akaning'iniza kibandiko chekundu: *Usiwashe, mtu yumo*. Lakini kibandiko ni karatasi, na karatasi haijawahi kumzuia mwenye haraka. Watu walikufa. Ndipo yakaletwa makufuli ya mapigo. Ukishakata swichi unaipachika kufuli, unaligusisha kifundo cha mkono, linausoma mshipa wako. Hakuna mioyo miwili inayopiga sawasawa. Tangu hapo hakuna awezaye kuwasha umeme ila wewe uliyefunga, ukiwa hai na ukiwa nje.

Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Ila fundi naye ni mtu: anaitwa msibani, anaumwa tumbo, mtoto anaanguka shuleni, na kufuli lake limebaki kwenye swichi, ndege haiendi. Sasa, pamoja na makufuli zililetwa punje, vidude vyenye ukubwa wa haragwe, za kujaribia kama kufuli ni zima. Nani aligundua kwanza, hakumbukwi. Lakini ukiishika punje kwenye mshipa mpaka chai ipoe, inajifunza mapigo yako na kuyadunda yenyewe, mwaka hata miaka. Mafundi wakaanza kuazimana. Haukuwa ujanja wa wezi, ulikuwa wema. Gwantwa alipopatwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza katikati ya kazi, mwenzake ndiye aliyemfungulia kufuli. Humwazimi mapigo yako mtu usiyemwamini.

Na kwa kuwa punje inaweza kufungua hata mwenyewe akiwa bado ndani, walijiwekea desturi yao: tazama kibakuli. Kina kitu, mtu yumo. Kitupu, ametoka. Sheria ya vitabuni ilidai zaidi ya hapo. Upige kelele mara tatu, usubiri kujibiwa, kisha uzunguke ndege uchungulie kwa macho yako kwenye tundu. Tundu la nyuma ya betri lilikuwa upande wa pili, hatua thelathini kutoka kwenye swichi. Nani azunguke hatua thelathini, na magoti yanauma, wakati kibakuli kimeshasema?

*

Jumanne ile maji yalikuwa yameimeza Kyela. Watu mia mbili walikwama kwenye kilima cha shule, barabara imekatika kuwili, na hakuna cha kuwafikia isipokuwa ndege za Uporoto. Ndege Tano ilikuwa imerudi na taa ya hatari inawaka. Lwitiko akaingia tumboni kuitafuta sababu.

Alifanya kila kitu kwa mkono wa fundi anayejua. Alikata swichi, akafunga kufuli lake namba tisa. Alipima kwa mita, akaijaribu mita yenyewe kwenye betri ya tochi ahakikishe haidanganyi, akapima tena. Alikuta waya mmoja umesuguana na kibanio mpaka ngozi yake imechubuka, shaba inachungulia. Kwa kuwa ilibidi atoboe chuma ahamishe kibanio, alivifunika vitita vyote vya nyaya kwa kitambaa kizito ili chenga za chuma zisividondokee. Kitambaa hicho walikikuta baadaye, kimetandazwa vizuri, pembe zote nne zimebanwa.

Saa nane mchana mvua ya mawe ikaanza. Juu ya mabati ya hanga lile, mvua ya mawe ni mfano wa lori linalomwaga kokoto bila kumaliza.

Injinia Kihwelo, mkuu wa hanga, akamwita Subilaga kwenye redio kwa jina la mwanawe. "Mama Tumpe! Tano vipi? Marubani wameshakaa!"

Lwitiko alikuwa amesema wakati wa chai kwamba saa nane hazitamkuta ndani. Subilaga akasogea kwenye swichi. "Umeme!" akaita. Akaita tena, "Umemeee!" Sauti yake mwenyewe hakuisikia. Akageuka kwenye rafu. Kibakuli cha Lwitiko kilikuwa cheupe chenye ukingo wa kijani.

Kilikuwa kitupu.

Akatoa punje mfukoni, akaibana kwenye kufuli namba tisa. Manane, kuruka, la tisa. Kufuli likaachia. Akapandisha swichi.

Taa za hanga zilififia mara moja, zikarudi. Kisha ikaja harufu, na harufu hiyo hakuna fundi wa nyaya asiyeijua, hata kama hajawahi kuinusa.

Walimtoa wakiwa wanne. Subilaga alimshika mkono wa kushoto, na ulipomlalia kiganjani ndipo akaona. Kidole cha pete kilikuwa na alama tu, mviringo mweupe pale ambapo jua halikuwahi kufika.

Wiki tano nyuma Lwitiko alimzika mkewe, Anyisile. Kabla jeneza halijafungwa alivua pete yake, akamvisha marehemu kwenye kidole gumba, maana vidole vingine vilikuwa vyembamba mno. Subilaga ndiye aliyeshika pindo la kitenge ili watu wasimwone mwanamume akilia. Aliona kwa macho yake. Alikuwapo. Lwitiko alirudi kazini Jumatatu, akashinda mezani akibana vichwa vya nyaya. Jumanne ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia tumboni mwa ndege akiwa mtu asiye na cha kuvua.

*

"Kaa, Mama Tumpe," alisema Kihwelo kesho yake, akafunga mlango. Alikuwa hajanyoa. Mbele yake palikuwa na karatasi moja na kalamu.

"Daftari la makufuli liko wazi," alisema, haangalii juu. "Kufuli namba tisa limefunguliwa na mapigo ya Lwitiko mwenyewe, saa nane na dakika kumi na moja. Kwa hiyo alitoka, akafungua, akawasha, halafu akakumbuka kitu. Tochi labda. Akarudi ndani kuifuata. Wewe ulikuwa karibu, unasaini kama shahidi."

"Arudi ndani na umeme unawaka? Lwitiko?"

"Mtu ana msiba. Mtu ana mawazo."

"Injinia..."

"Sikuulizi kitu!" Kihwelo aliinua mkono kama mtu anayezuia gari. "Na wewe usiniambie kitu. Unanielewa? Ukiniambia nitakuwa nimejua, na nikijua lazima mkaguzi ajue. Anakuja kesho. Atafanya nini? Ataweka lakiri kwenye kila swichi ya hanga hili mpaka makufuli mapya yaje. Wiki nzima, Mama Tumpe. Ndege kumi na moja zimelala, na wale watu kule kilimani wanakunywa maji ya mafuriko. Jana wamezikwa watoto wawili kwa kuhara." Akashusha sauti. "Lwitiko hatarudi. Tusimwongezee na wengine."

Subilaga aliitazama kalamu. Hakuwa mtu wa kudharau hesabu ya namna hiyo. Alijua pia, na Kihwelo alijua kwamba anajua, kuwa kwenye droo ya meza ile palikuwa na punje tatu.

"Na mama yake ataambiwaje?"

"Kwamba alijisahau. Watu hujisahau."

"Nipe mpaka kesho," alisema Subilaga.

Hakula siku ile, wala Jumanne hakuwa amekula. Punje alikuwa nayo bado mfukoni. Kila alipoinama ilimgusa pajani, ikidunda, manane na kuruka. Mara mbili alikwenda chooni ili aitupe. Mara mbili alirudi nayo.

*

Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata mkia wa ndege hauonekani ukisimama puani. Subilaga alikuwa akipanga koleo zake alipomwona Gwantwa anasogelea swichi ya Ndege Nane, simu ameibana kwa bega, anacheka na mtu. Gwantwa alitupa jicho kwenye rafu, akachomoa punje mfukoni.

"Gwantwa!"

Yule binti akashtuka, simu ikaanguka. "Jamani Mama Tumpe! Utaniua kwa presha."

"Ya nani hiyo?"

"Ya Ambakisye. Ametoka, si unaona kibakuli kitupu? Saa yake haimo."

"Umezunguka?"

Gwantwa alimtazama usoni, kisha akatazama chini. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mama, tangu lini tunazunguka?"

Subilaga akaweka koleo chini. Akazunguka yeye. Ambakisye kweli alikuwa ametoka, yuko nje anavuta sigara. Hapakuwa na mtu ndani, na Ndege Nane ikawashwa, ikaenda Kyela na mapipa ya maji safi. Lakini Subilaga alibaki ameshika ukingo wa lile tundu. Siku ya pili tu tangu wamtoe Lwitiko wakiwa wanne. Wote walikuwa wamenusa ile harufu. Na bado rafu ilikuwa ikitazamwa.

Mazoea yana taabu, wazee walisema. Hawakusema kwamba yanaweza kukaa na maiti chumba kimoja yasitikisike.

Mkaguzi alifika saa nne, mwanamke wa pwani aliyejifunga mtandio juu ya koti la baridi, jina lake Zamaradi Kombo. Alikuwa ameketi ofisini kwa Kihwelo, karatasi ya ushahidi mbele yake, Subilaga alipoitwa. Kwenye benchi, karibu na dirisha, alikaa bikizee mwembamba, khanga mbili, viatu vya plastiki vyenye tope mpaka kwenye vifundo. Bibi Sikitu, mama yake Lwitiko. Subilaga alimwinamia kwa magoti yote mawili, kama inavyopasa, akampa mkono.

"Pole, mama."

"Tumeshapoa," alisema bikizee. "Nimekuja kusikia. Huyu bwana anasema mwanangu alijisahau."

"Bibi, shikamoo tena," mkaguzi alisema kwa upole, "daftari ndilo linalosema. Kufuli linafunguliwa na moyo wa mwenyewe tu, na moyo uliolifungua ni wake."

"Alikuwa mtoto anayerudi nyumbani kutazama kama amefunga mlango. Mara mbili anarudi. Tukimcheka." Alisema bila kulia, anakunjakunja ncha ya khanga. "Nimebeba mimba tisa, aliyebaki ni yeye tu. Kama alijisahau, nitakubali. Ila nataka aniambie aliyekuwapo."

Kihwelo alikuwa akimtazama Subilaga. Nje, Ndege Nane ilisikika ikirudi, mvumo wake mwembamba ndani ya ukungu. Safari moja ya maji. Wiki moja ina safari ngapi?

Kalamu ilikuwa mezani. Subilaga aliingiza mkono mfukoni mwa aproni, akasogea kwenye benchi, akakifungua kiganja cha bikizee, akaiweka punje humo na kukifunga.

"Nini hiki? Kinadunda."

"Sikiliza, mama."

Bibi Sikitu aliinamisha kichwa. Midomo yake ikahesabu kimya. Kisha akakipeleka kiganja kifuani, na kwa mara ya kwanza uso wake ukavunjika.

"Huyu ni yeye," alisema. "Ni yeye! Alipata homa akiwa na miezi saba, nikamlaza kifuani siku tatu. Tangu hapo akawa anaruka hivi. Hapa. Umesikia? Hapa." Akamgeukia mkaguzi kwa macho ya mtu aliyeokotewa kitu. "Mwanangu yuko humu."

Zamaradi Kombo hakuangalia punje. Alikuwa akimwangalia Subilaga, na polepole akaisukuma ile karatasi pembeni.

"Mama Tumpe," alisema. "Kama moyo wake ulikuwa kwako, kufuli namba tisa lilifunguliwa na nani?"

"Mama Tumpe!" Kihwelo alikuwa amesimama. "Watu wa Kyela!"

"Nawajua," alisema Subilaga. "Nimewawaza siku mbili na nitawawaza tena. Lakini asubuhi hii nimeona punje nyingine ikitolewa mfukoni, Injinia. Tukinyamaza, tutamtoa mwingine wiki ijayo, naye tutasema alijisahau." Akamgeukia bikizee, maana yeye ndiye aliyekuja kusikia. "Hakujisahau, mama. Alifunga, akapima, akafunika nyaya, akawa anafanya kazi. Mimi ndiye niliyefungua. Niliita, mvua ikanizidi. Nikatazama kibakuli chake kama kina pete. Nilisahau kwamba pete aliizika. Nilikuwapo akiizika."

"Hukwenda kumtazama?"

"Sikwenda."

"Kulikuwa mbali?"

"Hatua thelathini, mama. Magoti yananiuma."

Bibi Sikitu alitazama viatu vyake vyenye tope. Kiganja kilikuwa bado kifuani.

"Barabara imekatika," alisema mwisho. "Nimepanda mlima huu kwa miguu tangu jana alfajiri."

*

Swichi zilifungwa moja baada ya nyingine, kila moja na lakiri ya risasi na uzi wa mkaguzi. Ndege zote kumi na moja. Mvumo ambao watu wa hanga hawakuwa wakiusikia tena, kwa kuuzoea, ulinyamaza, na ukimya wake ukawaumiza masikio. Kihwelo alikuwa kwenye redio akiongea na Kyela, mgongo amewapa wote. "Hapana," alikuwa akisema. "Hapana, leo hapana. Kesho pia hapana." Punje zilikusanywa kwenye boksi la viatu, arobaini na moja, na boksi lilikuwa likitetemeka juu ya meza.

Moja haikuwamo. Mkaguzi aliwahi kunyoosha mkono kwenye benchi, akasema ni ushahidi, na ukishasomwa hufutwa, ndiyo sheria. Bikizee alimwuliza ni lini. Akajibiwa gari likija. "Basi gari bado," alisema Bibi Sikitu, wala hakufungua kiganja, na Zamaradi Kombo hakurudia.

Kisha mkaguzi akamwambia Subilaga, "Twende ukanioneshe. Ulisimama wapi, yeye alikuwa wapi."

Wakashuka hangani, watatu, bikizee nyuma yao. Mafundi walisimama kando, kofia mkononi. Gwantwa alikuwa akilia bila kujificha. Subilaga alipofika kwenye rafu alisita, akashika pete yake, kwa mazoea tu, maana hapakuwa na umeme popote. Ilitoka mara moja, bila sabuni. Aliiweka kwenye kibakuli chake, ikalia ting, na kila mtu akaisikia.

"Nilisimama hapa," alisema.

"Na yeye?"

"Upande wa pili. Tundu la nyuma ya betri."

"Tembea basi. Nahesabu."

Akatembea. Alipita chini ya pua ya Ndege Tano, akaambaa na gurudumu la mbele, akainama kukwepa bawa. Magoti yaliuma kama siku zote, si zaidi. Nyuma yake alisikia viatu vya plastiki vikimfuata na sauti ya mkaguzi ikihesabu. Alipoweka mkono kwenye ukingo wa tundu, kile kitambaa kizito kilikuwa bado humo ndani, kimetandazwa juu ya nyaya, pembe zote nne zimebanwa.

Miaka yote ile alikuwa akisema thelathini. Zilikuwa ishirini na sita.